KUTOKA USHINDI 12 HADI KOMBE: JINSI TIMU YA QUEBEC ILIVYOJENGWA UPYA

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, katika bwalo la shule)



Kamati iliponiandikia iliniomba niseme machache juu ya namna ya kukijenga upya chombo kilichoanguka. Nadhani walinifikiria mimi kwa sababu ya kazi yangu. Wengi wenu mnajua kuwa ni mtumishi wa serikali katika upande wa utumishi. Kutwa mezani kwangu kuna barua za uhamisho, maombi ya kupandishwa cheo na majedwali ya ikama. Lakini habari za ofisini zina usingizi wake, hasa baada ya pilau tuliyokwisha kula, na zaidi ya hayo siri za ofisi hazitolewi karamuni. Kwa hiyo nitasema habari ya timu ya mchezo, tena mchezo ambao hapa kwetu hauchezwi: mpira wa magongo wa kwenye barafu.

Mpira wa magongo wa nyasi tunaujua. Wazee mtakumbuka kuwa timu yetu ya taifa ilifika hata kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, na India wakatufunga 18 kwa 0. Nalitaja jambo hilo kwa heshima zote. Huu wa barafuni ni mwingine. Wachezaji ni sita kila upande pamoja na golikipa, wamevaa viatu vyenye vyuma, wanapigania kisahani cheusi cha mpira mgumu kwa kasi ambayo mgeni haoni kinakokwenda mpaka asikie kelele za bao. Mimi niliujua nilipokwenda kusoma shahada ya pili katika jiji la Quebec, nchini Canada, mwaka 2007. Huko nilikuta jiji zima linaiomboleza timu iliyokuwa imekwisha kuhama miaka 12 kabla, na mzee niliyepanga kwake ndiye aliyenifundisha hesabu zote nitakazowaeleza leo. Baadaye nilizisoma mwenyewe nikaona hakunidanganya, ila pale tu alipomzungumza mwamuzi.

Kabla hatujafika mbali, hapana budi nieleze kanuni, maana hazifanani na za Simba na Yanga. Ligi hiyo, inayoitwa NHL, ina timu za Canada na za Marekani. Ndani yake hakuna kushuka daraja. Timu ikiwa ya mwisho haiondolewi. Mwaka unaofuata ipo pale pale. Tena hupewa kifuta machozi: kila mwaka vijana wapya wa umri wa miaka 18 hivi huchaguliwa na timu kwa zamu, na wakati wa habari hizi timu iliyoshika mkia ndiyo iliyokuwa ikichagua kwanza. Kijana akishachaguliwa ni wa timu hiyo. Hawezi kujiuza kwingine apendavyo. Timu ikitaka mchezaji wa wenzake, mara nyingi hailipi fedha kama tulivyozoea kwenye kandanda, bali hutoa mchezaji wake mwingine, au hutoa zamu yake ya kuchagua ya mwaka ujao. Ni biashara ya mali kwa mali. Na mchezaji anapohamishwa, mkataba wake huhama pamoja naye. Wenzangu wa utumishi hapa ukumbini wameshaanza kutabasamu, maana wanaona jinsi kazi yetu ingekuwa rahisi kama tungeweza kumpa mkuu wa idara ya jirani makarani wawili na nafasi moja ya ajira mpya, yeye akatupa mhasibu.

Basi, timu ya Quebec, iliyoitwa Nordiques, ilianzishwa mwaka 1972 katika ligi nyingine, ikaingia NHL mwaka 1979. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa timu ya kuogopwa. Kisha wachezaji wakazeeka wote kwa pamoja, jambo linalozipata hata idara za serikali pale ajira zinapofungwa kwa muda mrefu. Msimu wa 1989-90 timu ilicheza mechi 80 ikashinda 12 tu, ikafungwa 61, ikatoka sare 7. Mwezi Machi 1990 viongozi waliwaondoa nguzo mbili za zamani, Michel Goulet na Peter Stastny, wakapata vitu vidogo vidogo badala yao. Stastny alikuwa ametoroka Czechoslovakia mwaka 1980 ili aje Quebec; watu walimpenda kama mtoto wa nyumbani. Katika kikosi hicho cha aibu alikuwamo pia Guy Lafleur, shujaa wa zamani wa Montreal, mwenye umri wa miaka 38, aliyekuja kumalizia siku zake.

Lakini angalieni vizuri orodha ya msimu ule ule. Alikuwamo kijana wa miaka 20 aitwaye Joe Sakic, aliyefunga mabao 39 na kutoa pasi za mabao 63 katika timu iliyokuwa ikichekwa na kila mtu. Sakic alipatikanaje? Mwaka 1987 Quebec ilimtoa Dale Hunter, mchezaji mpiganaji aliyependwa sana, akaenda Washington pamoja na golikipa Clint Malarchuk. Wapenzi walikasirika. Katika vitu vilivyorudi kulikuwa na zamu moja ya kuchagua, ya 15 kwa mpango wake. Zamu hiyo ndiyo iliyomleta Sakic. Wapenzi wa timu humwona anayeondoka kwa sababu wanalijua jina lake. Anayekuja kwa jina la "zamu ya 15" hana sura, hana wimbo.

Kwa kushika mkia miaka mitatu mfululizo, Quebec ilichagua kwanza mara tatu mfululizo. Mwaka 1989 ilimchukua Mats Sundin wa Sweden, Mzungu wa kwanza kutoka Ulaya kuchaguliwa wa kwanza kabisa. Mwaka 1990 ikamchukua Owen Nolan. Na mwaka 1991 ikamchukua Eric Lindros.

Hapa ndipo penye kisa. Lindros alikuwa kijana wa miaka 18, mrefu, mzito, mwenye kasi na ufundi, na kila mtu alimwona kuwa mchezaji wa kizazi kizima. Alikwisha sema mapema kuwa hataichezea Quebec. Wakamchagua hivyo hivyo. Alipoitwa jukwaani alikataa kuivaa jezi. Akakaa mwaka mzima bila kusaini mkataba. Akacheza ligi ya vijana, akaichezea Canada kwenye Olimpiki ya mwaka 1992 akarudi na medali ya fedha. Mpaka leo pale Quebec jina lake likitajwa watu hukunja uso. Mimi sikubaliani nao sana. Mtumishi asiyekitaka kituo utampeleka kwa nguvu, ataripoti, atatundika koti kwenye kiti, na hutapata kazi. Afadhali aliyesema hapana mapema, mchana kweupe, kuliko anayesema ndiyo kisha akaleta cheti cha daktari kila Jumatatu.

Mwezi Juni 1992 viongozi wa Quebec wakakubali kumtoa, na wakafanya jambo la ajabu: waliafikiana na timu mbili kwa wakati mmoja, Philadelphia na New York Rangers. Kila moja ikadai Lindros ni wake. Ligi ikamteua msuluhishi, mwanasheria wa Toronto aitwaye Larry Bertuzzi, akasikiliza mashahidi kwa siku kadhaa, na tarehe 30 Juni akaamua kuwa Philadelphia ndio waliokubaliana kwanza.

Sasa sikilizeni bei ya kijana mmoja ambaye hajacheza hata dakika moja ya ligi hiyo. Quebec ilipata golikipa Ron Hextall. Mabeki Steve Duchesne na Kerry Huffman. Washambuliaji Mike Ricci na Chris Simon. Haki za kijana wa Sweden aitwaye Peter Forsberg, aliyekuwa bado kwao. Zamu mbili za kwanza za kuchagua. Na dola milioni 15 taslimu. Msimu uliofuata timu iliyokuwa na pointi 52 ilipata pointi 104. Ilipanda maradufu kamili kwa mwaka mmoja.

Watu wengi husimulia habari hii wakaishia hapo: mtoe nyota mmoja, upate wanane. Wanakosea. Msimu wa 1993-94 timu ilianguka tena, ikapata pointi 76 na kukosa hata michezo ya mtoano. Wachezaji wanane wakikaa tu kama walivyokuja wanazeeka kama wale wa kwanza. Faida ya kweli ilitokana na yale waliyofanywa baadaye, na kwa kuwa wadogo zangu mna ubao hapo nyuma yangu, naomba chaki niwachoree mishale.

Mshale wa kwanza: Hextall. Alikaa mwaka mmoja tu. Mwaka 1993 alipelekwa New York Islanders, na katika mapatano hayo Quebec ikapata zamu ya 14 ya kuchagua. Ikamchagua Adam Deadmarsh, mshambuliaji ambaye hakuogopa mtu. Mshale wa pili: moja ya zile zamu za Philadelphia ilimleta golikipa kijana, Jocelyn Thibault. Huyu mkumbukeni, nitamrudia.

Mshale wa tatu ndio ninaoupenda kuliko yote. Beki Duchesne aligombana na timu juu ya mkataba. Msimu wa 1993-94 ulipoanza alikataa kucheza. Hapo viongozi wengi hufanya kiburi, wakamwacha mtu akae nyumbani mpaka thamani yake iishe, ili tu waonekane hawakushindwa. Quebec haikufanya hivyo. Januari 1994 ilimpeleka St. Louis, ikapata wachezaji watatu, miongoni mwao Ron Sutter. Sutter naye hakukaa sana. Mwezi Juni mwaka huo huo alipelekwa Islanders pamoja na zamu ya 9, na Quebec ikapata zamu ya 12 na beki mmoja mrefu Mjerumani, Uwe Krupp. Islanders waliitumia ile zamu ya 9 kumchagua Brett Lindros, mdogo wake Eric. Nawaombeni mlishike jina la Krupp.

Wakati huo kiongozi mpya, Pierre Lacroix, alikuwa ameingia, na hakuogopa kugusa hata vilivyo vizuri. Katika siku hizo hizo za Juni 1994 Sundin alikwenda Toronto. Aliyekuja ni Wendel Clark, nahodha wa Toronto, pamoja na beki Sylvain Lefebvre na wengine. Mimi nikiwa mpenzi wa timu ningeandamana, maana Sundin alikuwa na miaka 23 na alikuja kuwa mchezaji mkubwa sana huko. Lakini timu ilikwisha kuwa na Sakic katikati, na Forsberg alikuwa njiani anakuja. Ikama ina nafasi ngapi za wakurugenzi? Forsberg mwenyewe alikuwa amekwisha kuwapa Sweden medali ya dhahabu ya Olimpiki mwaka 1994 kwa bao la penalti ambalo serikali yao ililichapa kwenye stempu.

Akafika Quebec. Msimu ulikuwa mfupi, mechi 48 tu, kwa sababu wenye timu waliwafungia wachezaji milango wakigombania masharti ya mishahara. Quebec ikaongoza upande wote wa mashariki. Baada ya kuvumilia miaka sita ya kufungwa, wale watu waliokuwa wakijaza uwanja katika baridi ile mliyoisikia tu kwenye somo la jiografia, hatimaye wakaiona timu iliyoiva. Ikatolewa na Rangers katika raundi ya kwanza. Hiyo ndiyo iliyokuwa mechi yao ya mwisho.

Maana fedha zilikuwa na hesabu yake nyingine. Mishahara ya wachezaji ililipwa kwa dola za Marekani, lakini tiketi Quebec ziliuzwa kwa dola za Canada, na wakati huo dola ya Canada ilikuwa na thamani ya kama senti 73 za Marekani. Uwanja ulikuwa wa mwaka 1949. Mapatano yaliyomaliza ule ugomvi wa milango hayakuweka kikomo cha mishahara, kwa hiyo miji mikubwa iliweza kulipa itakacho. Mwenye timu, Marcel Aubut, aliomba msaada wa serikali ya jimbo, hawakuafikiana, na mwezi Mei 1995 akaiuza timu kwa dola milioni 75 kwa kampuni ya Marekani iliyoihamishia Denver, katika jimbo la Colorado. Ikapewa jina jipya, Avalanche.

Ndugu Mwenyekiti, sisi tumezoea kusema mchumia juani hulia kivulini. Hawa walichumia kwenye theluji, na kivulini wakala wengine.

Huko Denver, Lacroix aliendelea kana kwamba bado anafunga masanduku. Clark, ambaye hawakuafikiana naye mkataba, alitolewa na badala yake akaja Claude Lemieux. Owen Nolan akatolewa akaja beki mshambuliaji, Sandis Ozolinsh. Kisha tarehe 2 Desemba 1995 golikipa mkuu wa Montreal, Patrick Roy, mzaliwa wa mji huo huo wa Quebec, alifungwa mabao 9 na Detroit kabla kocha hajamtoa, akamwendea rais wa timu pale pale ukumbini na kumwambia kuwa amecheza mara ya mwisho Montreal. Siku 4 baadaye alikuwa wa Colorado. Alitolewa nini? Wachezaji watatu, na mmoja wao alikuwa yule Thibault niliyewaambia mumkumbuke. Mzee wangu wa Quebec alikuwa akiapa kwamba Montreal wasingemtoa Roy kamwe kwenda kwa jirani na hasimu wao Quebec. Kwamba timu ilibidi ihame kwanza ndipo golikipa apatikane. Aliposema hivyo hakuwa akicheka.

Fainali ya Kombe la Stanley mwezi Juni 1996 ilikuwa dhidi ya Florida. Colorado ilishinda tatu za kwanza. Ya nne ilikwenda dakika zote 60 bila bao, ikaingia nyongeza ya kwanza ya dakika 20, ikaingia ya pili, ikaingia ya tatu. Roy alizuia mikwaju 63. Katika dakika ya 105 beki mmoja alipiga shuti la mbali, likapita. Alikuwa Uwe Krupp, ambaye goti lilimweka nje karibu msimu mzima. Rudini kwenye ubao: Krupp kutoka kwa Sutter, Sutter kutoka kwa Duchesne, Duchesne kutoka kwa kijana aliyekataa kuivaa jezi. Nahodha aliyepokea kombe alikuwa Joe Sakic, yule wa ushindi 12. Lefebvre alimbatizia binti yake ndani ya kombe hilo.

Lindros naye hakuwa mchezaji wa bure, msinielewe vibaya. Mwaka 1995 alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa ligi, mwaka 1997 akaifikisha Philadelphia fainali, kisha majeraha ya kichwa yakamwandama. Kombe hakulipata.

Kuna kipande cha mwisho, na hiki ni cha vijana wanaopenda hesabu. Mwaka 2005, baada ya msimu mzima kufutwa kwa ugomvi, ligi hatimaye iliweka kikomo cha mishahara, dola milioni 39 kwa kila timu kwa kuanzia. Tangu hapo mkataba umekuwa na uzito kuliko mchezaji mwenyewe, maana kila dola unayompa mmoja umemnyima mwingine. Colorado ikaanguka tena: msimu wa 2016-17 ilipata pointi 48 katika mechi 82. Aliyekuwa akiiongoza ofisini ni nani? Joe Sakic. Nafasi ya kuchagua kwanza ilikuwa siku hizo inapigiwa kura ya bahati, na ijapokuwa walishika mkia walisukumwa hadi zamu ya 4. Kwa zamu hiyo wakampata Cale Makar. Mchezaji wao Matt Duchene alitaka kuondoka. Magazeti yalipiga kelele atolewe haraka. Sakic alingoja miezi, hakukubali kitu kidogo, mpaka Novemba 2017 alipopata mapatano ya timu tatu yaliyomletea wachezaji na zamu kadhaa, na moja ya zamu hizo ikamleta Bowen Byram. Wakati huo huo alikuwa na mkataba wa Nathan MacKinnon, uliosainiwa mwaka 2016 kwa miaka saba, dola milioni 6.3 kwa mwaka, ambao mchezaji alivyozidi kukua ulionekana kama zawadi. Mwaka 2022 walichukua kombe.

Na Quebec? Walijenga uwanja mpya wa watu zaidi ya 18,000, ukafunguliwa Septemba 2015, wakaomba timu. Mwaka 2016 ligi iliipa Las Vegas timu, na ombi la Quebec likawekwa kando. Uwanja upo, unachezewa na vijana, na siku za muziki unajaa. Nilipokuwa kule ulikuwa bado haujajengwa, lakini jezi za buluu za Nordiques nilikuwa nikiziona barabarani kila siku ya Mungu, nyingine zimevaliwa na watoto waliozaliwa baada ya timu kuondoka.

Ndugu Mwenyekiti, naona Ndugu Mkuu wa Shule anatazama saa yake, na ubao wake nimeuchafua. Kama kuna maswali nitayajibu pale nje, kwenye mwembe.